Gololi za Bakuli la Santa Barbara

Ukimpa Shangazi Ersilia kikombe cha moto, atakipokea kwa mkono wa kulia, na ule wa kushoto ataupeleka upesi nyuma ya aproni, kama mama anayemficha mtoto mbwa asimwone. Hafanyi kusudi. Nimeishi naye tangu mama alipokwenda Uswisi kufanya kazi ya hotelini, na sijamwona hata siku moja akiusahau mkono ule. Analala nao chini ya mto. Kanisani, wakati wa kupeana amani, anauingiza mfukoni.

Mkono huo una vidole vitatu. Kidole cha mwisho na jirani yake vilimtoka nikiwa na miaka kumi, na nilikuwepo.

Mimi na yeye tunafanya kazi karakana moja, kule chini kando ya mto, panapotengenezwa bastola za mtindo wa zamani, zile za baruti nyeusi ambazo Wamarekani hununua ili wajifanye babu zao. Mimi napanga skrubu. Shule niliacha mapema, sikuwa na la kusema huko. Shangazi yuko kwenye gurudumu la kung'arishia, na gurudumu linataka mikono miwili. Siku aliporudi kazini na bendeji, msimamizi alimwambia mbele ya wote, "Ersilia, kwa vidole vitatu nitakuvumilia. Ukija na viwili, utashika fagio." Hakusema kwa ubaya. Lakini tangu siku ile Shangazi amekuwa akivilinda vitatu vilivyobaki kama moto wa kuazima.

Bastola hizi hazilishwi risasi zilizokamilika kama za polisi. Kila tundu la silinda, lile pipa dogo linalozunguka, unalilisha mwenyewe: baruti, halafu unga kidogo wa mahindi, ule ule tunaosongea polenta, ugali wa kwetu, halafu risasi, ambayo unaishindilia kwa wenzo ulio chini ya mtutu. Mwisho unapaka shahamu ya nguruwe juu. Risasi lazima iwe nene kuliko tundu, kwa unywele tu. Ikiingia kwa nguvu, mdomo wa tundu unaimenya pembeni na inadondoka pete nyembamba ya madini. Ukiiona pete nzima, mlango umefungwa. Usipoiona, cheche za tundu la jirani zitapenya, na hapo hutokea kitu ambacho bondeni kwetu tunakiita moto wa majirani. Unapiga moja, zinaitika tatu.

Kuhusu aina ya risasi, watu wanaweza kugombana kwenye baa ya Costante mpaka kahawa ipoe. Wapo wa gololi, yaani risasi ya duara, nyepesi, inayokwenda ilipotumwa. Na wapo wa ncha, ile ndefu yenye kichwa kilichochongoka, nzito, inayorusha mkono juu. Wa ncha wanasema gololi ni dengu za kulishia kuku. Wa gololi wanasema ncha ni ya mtu asiyejua kulenga, anataka kelele zimsaidie.

Siku ile ya vidole, Shangazi alikuwa anajaribu bastola yake mpya, ameilaza juu ya mfuko wa mchanga, mkono wa kushoto ameuweka mbele, chini ya mtutu. Risasi zilikuwa za ncha. Alipewa na Bortolo, ndugu wa marehemu mume wake, aliyezimimina mwenyewe kwa kalibu yake. Nakumbuka mlio haukuwa mlio, ulikuwa kama shuka kubwa linalochanwa. Moshi mweupe. Halafu Shangazi akiutazama mkono wake kama mtu anayemtazama mgeni asiyemjua, anajiuliza huyu kaingiaje ndani.

Baada ya hapo alikwenda mtoni akaitupa kalibu yake ya gololi, ingawa haikuhusika. Bastola akaifunga kwenye shali, akaiweka chini ya sanduku la mashuka. Na risasi za ncha akazichukia kama nyoka. Karakanani akipita kwenye rafu zinapowekwa, anazunguka upande wa pili. Watoto wakipasua fataki za sikukuu, anaingia duka lolote lililo karibu, hata la mazishi. Bortolo naye hakuwahi kuongea neno juu ya zile risasi. Yeye ni shemeji, ana ruhusa ya kumtania, na ruhusa hiyo ameitumia mpaka imechakaa.

Sasa, mwaka huu, siku chache kabla ya sikukuu ya Santa Barbara, mlinzi wa watu wa baruti, tulipita kwa Costante kuchukua divai. Costante ndiye mwenye baa na ndiye mwenyekiti wa chama cha shabaha. Tulimkuta ameshika kichwa.

"Ermanno amelazwa. Kichomi," alisema. "Kwa shindano la sikukuu tumebaki watatu. Wale wa bonde la pili wanakuja wanne. Tukipungua tumeshindwa kabla ya kupiga."

"Si yupo shemeji?" akasema Bortolo kutoka kwenye meza ya karata. "Shemeji ni mpigaji hodari sana. Mradi bastola iwe dirishani na yeye awe chini ya kitanda."

Wakacheka. Mimi nilikuwa natazama mkono wa kushoto wa Shangazi. Ulikuwa umekwenda nyuma ya koti, kama kawaida. Lakini mdomo ukafunguka wenyewe.

"Niandike, Costante."

"Unasemaje?"

"Nimesema niandike. Au masikio yako nayo yamelazwa?"

Bortolo aliweka karata zake chini, akazichukua tena, akaziweka.

Njiani Shangazi alinishika mkono kwa nguvu mpaka nikaumia. "Fina," akaniuliza, "mimi nimesema nini kule ndani?"

"Umesema uandikwe, Shangazi."

"Mungu wangu. Na wewe umesimama tu! Kwa nini hukunikanyaga mguu?"

Siku zilizofuata hakula vizuri. Aliitoa bastola kwenye shali, akaipaka mafuta, akaizungusha silinda tupu huku amefumba macho. Kila ilipolia *tik*, bega lake liliruka. Nilimwambia anaweza kumwendea Costante na kusema anaumwa. Akasema, "Nikisema naumwa, Bortolo ataniletea supu, na ataileta akicheka. Supu hiyo itanikaa kooni mpaka nife."

Kwetu Ravedolo kuna jambo moja ambalo sijasikia likifanywa kwingine. Mkesha wa Santa Barbara chama humimina gololi zote kutoka chungu kimoja cha risasi iliyoyeyushwa, kwa kalibu moja. Zinawekwa kwenye bakuli la shaba, bakuli linafunikwa kitambaa, na asubuhi Padri Evaristo analibariki madhabahuni pamoja na mkate. Kila mpigaji anachota humo. Kuja na risasi zako mfukoni ni kama kwenda harusini na chakula chako. Shangazi alimwomba Costante ampe gololi mbili tatu azijaribu mapema. Costante akakataa: bakuli halifunguliwi kabla ya baraka, halijawahi kufunguliwa.

Basi tukaenda hivyo hivyo, kama vipofu.

Theluji ilikuwa imeshuka mpaka kwenye misonobari, na uwanja wa shabaha uko kwenye machimbo ya zamani ya mawe, kwa hiyo kila mlio hupiga ukuta ukarudi. Wale wa bonde la pili walikuwa wamefika, watu wapole, wana bastola ndogo kuliko zetu, gololi zao kama njegere. Padri Evaristo alisimama karibu na jiko la makaa, anapasha vidole moto. Mimi nilikaa kwenye kamba ya watazamaji, hatua chache tu nyuma ya meza ya Shangazi.

Alimwaga baruti. Akamwaga unga wa mahindi, nusu ukaenda mezani. Akachota gololi kwenye bakuli, akaiweka kwenye mdomo wa tundu ili aishindilie.

Gololi ikaingia yenyewe.

Haikukwama hata kidogo. Ilizama kama jiwe kwenye kisima. Hapakuwa na kumenyeka, hapakuwa na pete. Shangazi akasimama ameshika wenzo hewani. Shingo yake ilibadilika rangi, nikaiona kutoka nilipokuwa, ikawa kama nta. Nilijua maana yake. Mtoto yeyote wa Ravedolo angejua.

Akachota nyingine, akaijaribu kwenye tundu la pili. Vile vile.

"Costante," akaita. Sauti ilikuwa ndogo sana. "Costante, hizi ni nyembamba."

Costante akaja, na Bortolo nyuma yake. Bortolo akachukua gololi kutoka bakuli lile lile, akaenda nayo kwenye bastola yake, akaishindilia. Pete ikadondoka mezani, nzima, inang'aa. Akaiinua juu kama mfanyamazingaombwe.

"Nyembamba wapi, shemeji? Tazama pete hii, unaweza kumvisha bibi harusi."

"Kwako. Kwangu inaelea."

"Kwako kuna woga, ndio unaonyonya risasi."

Watu wakacheka kidogo, si sana. Costante alikuwa ameinama juu ya silinda ya Shangazi, anakuna kidevu. Akaona kitu ambacho hakuna aliyekifikiria mkesha mzima tukimimina na kuimba. Bastola za wale wengine watatu ni za juzi juzi, tangu karakana ilipobadilisha keekee za kutobolea. Ya Shangazi ni ya kabla ya hapo, matundu yake ni mapana kidogo. Na kalibu ya chama ilinunuliwa mpya, kwa bastola mpya. Ermanno angepiga na hizo bila shida. Bakuli moja, kalibu moja, baraka moja. Lakini matundu si mamoja.

"Paka shahamu nyingi," akasema mmoja. "Shahamu itaziba."

"Shahamu itaziba risasi ya kwanza," akasema Shangazi. "Ya pili moto umeshailamba yote. Nimeona mimi."

Hakuonyesha mkono. Hakuna aliyehitaji kuonyeshwa.

"Hizi zimebarikiwa lakini, Ersilia," akasema Costante, kama anayeomba msamaha. Wote wakamgeukia Padri.

Padri Evaristo akapuliza vidole vyake. "Msinitazame mimi. Mimi nabariki, sinenepeshi."

Hapo palitokea kicheko, na nafikiri kama Shangazi angeondoka wakati ule, ndani ya kicheko, hakuna ambaye angemlaumu. Nilimwombea aondoke. Nilisema moyoni, geuka, njoo, twende nyumbani tukasonge polenta. Aligeuka kweli, akaniangalia. Macho yake yalikuwa makubwa kama ya ng'ombe aliyesikia radi. Kisha akamuuliza Costante, "Kabatini mna nini?"

Costante akasita. "Zipo zile za zamani. Za kiwandani. Hakuna anayezitumia siku hizi."

"Gololi?"

"Ncha."

Nilifikiri ataanguka. Alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, hata wa kushoto, mbele ya watu wote.

"Lete," akasema.

Zililetwa kwenye boksi la karatasi lililooza pembe, zina vumbi jeupe. Shangazi aliigeuza silinda akazimwaga zile gololi mbili na baruti yake, akajaza upya, halafu akachukua moja kwa ncha za vidole, kama mtu anayeokota panya kwa mkia. Aliitia mdomoni mwa tundu, ikasimama wima, ikakataa kuingia. Akavuta wenzo. Alivuta mpaka mshipa ukamsimama shingoni. Ikazama polepole, na pete ikajikunja pembeni, ikavunjika, ikaanguka juu ya unga wa mahindi. Akaigeuza kwa ukucha. Ilikuwa imezunguka kote, bila pengo.

Alibaki anaitazama pete ile kwa muda mrefu. Na Bortolo naye alikuwa anaitazama. Akasogea mpaka bega lake likagusa la Shangazi, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti isiyo na utani ndani:

"Shemeji. Hizi si zangu."

"Najua."

"Zangu zili…"

"Ziliingia zenyewe, Bortolo. Kama hizi gololi zenu za leo. Niliona zikiingia zenyewe na nikadhani ni bahati."

Bortolo akarudi kwenye nafasi yake, akawa anafuta bastola ambayo ilikuwa safi.

Shangazi alishindilia matundu matano, la sita akaliacha tupu kama sheria ya chama inavyotaka. Kila moja alitafuta pete yake kabla ya kwenda kwenye jingine. Ya nne ilipotea kwenye unga, na hakuendelea mpaka alipoipata. Wale wa bonde la pili wakaanza kunong'ona, mmoja akatazama saa. Akapaka shahamu, iliyokuwa ngumu kwa baridi. Akabandika fataki, vile vikofia vidogo vya kuwashia baruti, nyuma ya matundu, na ya mwisho ilimponyoka mara mbili.

Kupiga kwetu ni kwa mkono mmoja. Wa kushoto unauweka unapotaka. Shangazi aliuweka nyuma ya mgongo, ameshika mkanda wa koti, na kwa kuwa nilikuwa nyuma yake, mkono ule ulikuwa unanitazama mimi. Vile vidole vitatu vilikuwa vinakunjika na kukunjuka.

Alipiga ya kwanza. Machimbo yakairudisha. Nilitega sikio nisikie kuchanika kwa shuka, sikusikia. Moshi ulipopungua, Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa pembeni akiikagua silinda kwa mbele, maana ncha ni nzito, na mshtuko unaweza kuzivuta nyingine zijitokeze. Hazikujitokeza. Mdomo wake ulikuwa ukienda, sijui kama ni sala au matusi.

Ya pili. Akayumba, akasimama.

Ya tatu, nyundo ikaanguka, fataki ikasema *pa*, na basi. Hakuna kilichofuata.

Hicho ndicho kitu kibaya kuliko vyote. Ikilia, unajua umekwisha au hujaisha. Ikinyamaza, hujui kama moto umekufa au bado unatambaa huko ndani kwenye baruti unatafuta njia. Huruhusiwi kuishusha. Huruhusiwi kuifungua. Unaishika pale pale, imeelekea shabaha, unangoja.

Nikaona mkono wa kulia wa Shangazi unaanza kushuka.

"Usiishushe!" Bortolo alipiga kelele. "Shemeji, ishike hapo hapo! Usiitazame!"

"Inatetemeka!"

"Acha itetemeke! Tetemeka nayo, ila isishuke! Tazama mbele. Mtazame yule mzee aliyechorwa kwenye shabaha, mweusi kama mama mkwe wako, Mungu amrehemu."

"Usinichekeshe, mbwa wewe!"

"Sikuchekeshi. Alikuwa mweusi kweli, na moyo wake pia."

Mkono ulikuwa unachoka, niliona kiwiko kinazama kidogo, kinapandishwa, kinazama. Mimi nilikuwa nimeuma skafu. Padri aliacha jiko. Vile vidole vitatu nyuma ya mgongo vilikuwa vimeshika mkanda mpaka vikawa vyeupe, na nikawaza: Ee Santa Barbara, hivyo vitatu tu, hatukuombi zaidi.

Hatimaye Costante akasema, "Imetosha. Weka fataki nyingine."

Ilibidi autoe mkono wa kushoto mafichoni, aulete mbele, ausogeze kwenye silinda, abandike fataki mpya pale pale palipokataa. Sijui alifanyaje. Niliona tu mkono ukienda, taratibu, kama unavyompelekea mbwa mkali mfupa. Ukabandika. Ukarudi nyuma ya mgongo.

Alipiga. Ikalia, moja tu, safi. Akapiga ya nne, ya tano, haraka haraka sasa, bila kulenga sana, kama mtu anayeteremka ngazi gizani anataka tu kufika chini.

Tulishindwa. Wale wa bonde la pili walitushinda kwa mbali, na karatasi ya Shangazi haikuwa ya kuonyesha watu. Lakini hakuna aliyekwenda kuangalia karatasi kwanza. Shangazi alikuwa bado amesimama, mkono wa kulia umenyooka, pumzi inamtoka puani kama moshi, kana kwamba yeye ndiye aliyefyatuliwa. Costante alimwambia aweke chini. Hakuweka. Akamwambia tena.

"Siwezi," akasema. "Costante, havifunguki."

Nikapita chini ya kamba. Bortolo alikuwa ameshafika upande wa pili. Alishika mtutu akauelekeza kwenye mawe, na mimi nikashika vidole vya Shangazi, vilikuwa baridi na vigumu kama mizizi. Nilifungua kidole cha shahada, Bortolo akafungua cha kati. Tulikwenda hivyo, kimoja kimoja, yeye kimoja mimi kimoja, na Shangazi anatutazama kama tunamvua kiatu.

"Mkono wa kulia huu, shemeji," akasema Bortolo. "Wa kushoto uko wapi?"

Shangazi akafikiri kidogo. Akautoa nyuma, akaunyoosha mbele ya uso wake, mbele ya uso wa kila mtu, na akamsukuma nao kifuani.

"Uko hapa. Sasa toka mbele yangu, nataka kutapika."

Bortolo akasogea. Shangazi akaenda nyuma ya kibanda akatapika kweli, nami nikamshikia nywele.